Jeraha Likipuuzwa Huwa Kidonda: Kinga ya Wachimbaji na Wakulima wa Mbangala Inaanzia Kijijini

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Katika Kata ya Mbangala, Wilaya ya Songwe, mkono na mguu ndio mtaji wa kwanza wa mwananchi. Eneo hili limo ndani ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambao wachimbaji wameufuata tangu miaka ya 1920, na hadi leo kaya nyingi zinaishi kwa sururu, nyundo, karasha, jembe na panga. Mvua za Novemba hadi Aprili huwapeleka watu shambani. Kiangazi huwarudisha maduarani. Katika kazi zote hizo, kukatwa, kutobolewa na kukwaruzwa ni jambo la kila siku, na jambo la kila siku ni rahisi kulizoea.

Lugha yetu ya Kiswahili inatofautisha jeraha na kidonda, na tofauti hiyo ina maana kubwa kiafya. Jeraha hutokea ghafla, kwa jiwe lililoporomoka au jembe lililoteleza. Kidonda ni matokeo ya siku kadhaa zinazofuata. Kati ya jeraha na kidonda kuna muda, na ndani ya muda huo ndimo mna nafasi ya kuzuia maambukizi. Nafasi hiyo ikipotea, jeraha ambalo lingepona kwa maji safi, sabuni na kitambaa kikavu huweza kugeuka donda ndugu, kukatwa kiungo au hata kifo.

Suala hili linastahili kutazamwa upya sasa. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii, uliolenga kuwafikia na kuwatumia wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Aidha, nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, pamoja na Mpango Kazi wa pili wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa mwaka 2023 hadi 2028. Mipango hii mitatu ni mikubwa, lakini yote inakutana katika jambo dogo sana: mwananchi aliyeumia afanye nini, wapi na ndani ya saa ngapi. Makala hii inachambua jambo hilo kwa kuangalia mazingira ya Mbangala na maeneo mengine ya Mkoa wa Songwe yanayofanana nayo.

Saa za kwanza ni za kijiji

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake yapo Vwawa, wilayani Mbozi, na makao makuu ya Wilaya ya Songwe yapo Mkwajuni. Katika miaka ya karibuni huduma za zahanati, vituo vya afya na hospitali zimesogezwa karibu zaidi na wananchi. Hata hivyo, hakuna jengo la tiba linaloweza kuwa karibu kuliko ndoo ya maji iliyopo nyumbani au pembeni mwa duara. Huduma ya kwanza kwa jeraha hutolewa na mtu aliyesimama karibu, na ubora wake ndio unaoamua hali ambayo tabibu ataikuta.

Hatua ya kwanza ni kuzuia damu. Kitambaa safi hubanwa moja kwa moja juu ya jeraha kwa takribani dakika 10 bila kukiinua kila mara ili kuchungulia, kwa kuwa kuchungulia huvunja damu iliyoanza kuganda. Damu isipokata, au ikiwa inaruka kwa mapigo, mgonjwa apelekwe kituoni mara moja huku jeraha likiendelea kubanwa.

Hatua ya pili ni kuosha, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Anayehudumia anawe mikono kwa maji na sabuni kwanza. Kisha jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka. Maji yanayofaa kunywa yanafaa pia kuoshea jeraha. Yasipopatikana, yachemshwe na kuachwa yapoe. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko hutoa mkondo wenye nguvu ya kutosha kuondoa mchanga na vipande vya mawe. Sabuni hutumika kusafisha ngozi inayozunguka jeraha. Maji yaliyotuama duarani au kwenye mabwawa ya kuoshea mchanga wa dhahabu hayafai hata kidogo, kwa kuwa yana udongo, na mara nyingine yana mabaki ya zebaki au sayanaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye jeraha bichi hapaswi kushika mchanganyiko wa kemikali hizo, kwani ngozi iliyopasuka haizuii tena sumu kuingia mwilini.

Hatua ya tatu ni kufunika. Jeraha lifungwe kwa bendeji au kitambaa kilichofuliwa na kukaushwa vizuri, na kibadilishwe kila siku au kila kinapolowa au kuchafuka. Imani kwamba jeraha huachwa wazi ili lipigwe na hewa haisaidii mahali penye vumbi la karasha na nzi.

Kuna pia mambo ya kuacha. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, tumbaku, mafuta ya gari na udongo haviponyi, bali huingiza vimelea mahali palipokuwa pakisubiri kusafishwa. Dawa ya meno haifai kwenye jeraha la moto; linalotakiwa ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa takribani dakika 20. Spiriti inayomiminwa ndani ya jeraha kila siku huunguza nyama changa inayojaribu kuota, na hivyo huchelewesha kupona. Kitu kilichozama ndani sana, kama kipande cha chuma au mti, hakichomolewi nyumbani, kwa sababu huenda ndicho kinachozuia damu isitoke. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende kituoni siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha lenyewe ni dogo.

Majeraha yanayohitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo ni yale marefu au ya kina yanayoachama, yaliyo usoni, kwenye kiungo au kiganjani, yaliyoingia udongo usiotoka kwa kuoshwa, na yale yaliyosababisha ganzi au kushindwa kukunja kidole. Kushonwa mapema hufanywa kwa usalama zaidi kuliko kushonwa baada ya siku kupita, wakati vimelea vimekwisha kuzaliana.

Pepopunda na pengo la wanaume

Miongoni mwa hatari zote zinazoingia kupitia jeraha, pepopunda ndiyo inayoonyesha wazi zaidi mafanikio ya Taifa na pia pengo lililobaki. Bakteria wa pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, wakiwa katika umbo gumu linalostahimili jua na ukavu kwa miaka mingi. Hustawi mahali pasipo na hewa. Ndiyo maana tundu jembamba na la kina, kama la msumari uliotoboa ndala au mwiba uliozama unyayoni, huweza kuwa la hatari zaidi kuliko mchubuko mpana unaotisha machoni. Kutu si chanzo cha ugonjwa huu, kama wengi wanavyodhani. Chanzo ni udongo uliobebwa na msumari hadi ndani ya nyama.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na katika wagonjwa wengi huanza ndani ya siku 14. Wakati huo jeraha lenyewe linaweza kuwa limekwisha kufunga na kusahaulika. Mgonjwa huanza kushindwa kufungua kinywa, shingo na mgongo hukakamaa, kumeza huwa shida, na baadaye hupatwa na mikazo mikali inayochochewa na sauti au mwanga. Ugonjwa ukifika hapo, tiba yake inahitaji hospitali yenye uangalizi maalumu, na bado wengi hupoteza maisha. Kinga yake, kwa upande mwingine, ni sindano ya chanjo.

Tanzania imefanya kazi kubwa katika eneo hili. Mwaka 2012 nchi ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda kwa mama na mtoto mchanga kwa kiwango kinachotambuliwa kimataifa. Mafanikio hayo yalitokana na chanjo kwa wajawazito, uzazi salama na utunzaji safi wa kitovu, ambacho nacho ni jeraha la kwanza la kila binadamu. Watoto hupata kinga ya msingi wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Hata hivyo, kinga ya utotoni hupungua kadiri miaka inavyopita, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi za kuongeza nguvu katika utoto na ujana. Mwanamke hupata nafasi ya kuimarisha kinga anapohudhuria kliniki ya wajawazito. Mwanaume hana kliniki ya namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia sampuli za damu kutoka Kenya, Tanzania na Msumbiji, ulibainisha pengo hilo waziwazi: kinga dhidi ya pepopunda ilikuwa dhaifu kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 na kwa wanaume wa miaka 15 na kuendelea. Taarifa za pepopunda miongoni mwa wanaume waliofanyiwa tohara ya kitabibu katika baadhi ya nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika nazo zililifanya Shirika la Afya Duniani kusisitiza chanjo hiyo katika huduma za tohara.

Tukirudi Mbangala, maana ya takwimu hizo ni nzito. Kundi lenye kinga dhaifu zaidi ndilo linaloshuka duarani, linaloendesha bodaboda na linaloshika sururu. Zaidi ya hapo, pepopunda haiambukizwi kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, hivyo hakuna anayelindwa na chanjo ya jirani yake. Kijiji kizima kinaweza kuwa kimechanjwa, na mmoja asiyechanjwa akabaki katika hatari ile ile. Hata aliyewahi kuugua na kupona hapati kinga kutokana na ugonjwa wenyewe. Naye anapaswa kuchanjwa.

Hitimisho la sehemu hii ni la kiutendaji. Mchimbaji hapaswi kusubiriwa kliniki, kwa kuwa hana sababu ya kufika huko akiwa mzima. Elimu na chanjo vinapaswa kumfuata mahali alipo: kwenye mikutano ya wachimbaji, kwenye mialo na kwenye minada. Kwa upande wake, kila mtu mzima aliyeumia anapofika zahanati aulize swali moja bila kuona haya: je, ninahitaji chanjo ya pepopunda? Kwa kawaida mwenye jeraha chafu ambaye zaidi ya miaka 5 imepita tangu dozi yake ya mwisho huhitaji nyingine, na asiyekumbuka kama aliwahi kuchanjwa huhesabiwa kuwa hajachanjwa.

Namna ya kutambua maambukizi

Wananchi wengi huchelewa kutafuta tiba kwa sababu hawajui kutenganisha maumivu ya kawaida ya kupona na dalili za maambukizi. Katika siku 2 au 3 za mwanzo, jeraha lolote huvimba kidogo, huwa na joto na huweza kutoa majimaji meupe yanayong'aa. Hiyo ni kazi ya mwili kujitengeneza. Cha kuangalia ni mwelekeo wa mabadiliko. Jeraha linalopona huuma kidogo zaidi leo kuliko jana. Jeraha lililoambukizwa huanza kuuma upya au kuongeza maumivu baada ya siku hizo za mwanzo, uvimbe hutanuka, joto huongezeka, usaha huonekana, na harufu mbaya hutokea.

Vitabu vingi vya afya hutaja wekundu kama dalili kuu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na mtu akausubiri bure. Badala yake, ngozi inayozunguka jeraha huweza kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, kung'aa kwa kuvutika, na kuwa na joto linalohisika mtu anapoigusa kwa mgongo wa kiganja na kuilinganisha na upande wa pili wa mwili. Njia rahisi ya ufuatiliaji ni kuchora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa uvimbe. Uvimbe ukivuka mstari ndani ya saa chache, maambukizi yanasambaa.

Zipo pia dalili zinazotaka safari ya haraka kwenda kituoni, hata kama ni usiku. Mistari inayopanda kutoka kwenye jeraha kuelekea juu, mitoki kwenye kinena au kwapa, homa au kutetemeka kwa baridi, na maumivu makali kupita ukubwa wa jeraha huonyesha kuwa vimelea havipo tena mahali pamoja. Ngozi inayobadilika kuwa nyeusi, yenye malengelenge au inayotoa mlio kama wa viputo inapobonyezwa ni dharura. Vivyo hivyo, mgonjwa anayepumua haraka, anayechanganyikiwa, aliyelegea au asiyepata mkojo kama kawaida huenda maambukizi yameathiri mwili wake wote. Katika hali hiyo saa moja ina thamani kubwa, na mgonjwa hapaswi kupitishwa kwanza dukani.

Kundi moja linahitaji uangalifu wa pekee: watu wenye kisukari. Sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu na kupunguza mzunguko wa damu. Mgonjwa anaweza kukanyaga msumari na asihisi chochote, kisha kidonda kikakua bila maumivu yanayopaswa kumtahadharisha. Kwake, kutokuuma si dalili njema. Anapaswa kukagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, au kumwomba mwanafamilia amsaidie, na asitembee pekupeku. Na kwa mtu ambaye hajawahi kupima, kidonda cha mguu kisichoonyesha kupona ni sababu ya kutosha ya kupima sukari.

Rangi mbili si unga wa kumwaga kidondani

Tabia iliyoenea katika maeneo mengi nchini ni kufungua kapsuli, maarufu kwa jina la rangi mbili, na kumwaga unga wake juu ya jeraha. Mtumiaji huona jeraha limekauka juu na kuamini kuwa amepona. Kinachotokea ni kwamba unga huganda na kutengeneza gamba, uchafu hufungiwa chini yake, na kiasi cha dawa kinachofika kwenye vimelea hakijulikani. Kapsuli hiyo imetengenezwa imezwe na isafirishwe na damu, kwa kipimo na kwa idadi ya siku alizoelekeza mtaalamu.

Kutumia vidonge viwili au vitatu na kuacha maumivu yanapopungua kuna athari inayovuka mwili wa mtu mmoja. Vimelea dhaifu hufa, vilivyo imara hubaki na kuzaliana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa tahadhari hiyo katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, kabla dawa hiyo haijaenea duniani. Leo tahadhari hiyo ina hesabu yake: inakadiriwa kuwa mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kutokana na usugu wa bakteria dhidi ya dawa, na nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara zimo miongoni mwa zilizoathirika zaidi.

Nchini mwetu, Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo mfumo wake ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yamewasogezea wananchi wa vijijini dawa zilizo salama na watoa dawa waliopata mafunzo. Ni mafanikio yanayopaswa kulindwa. Mwananchi anapomshinikiza mtoa dawa amuuzie nusu dozi ya antibayotiki bila cheti, anadhoofisha mfumo unaomhudumia. Ikumbukwe pia kuwa si kila jeraha linahitaji antibayotiki. Jeraha dogo lililooshwa vizuri na kufunikwa hupona bila dawa hizo, na jeraha lenye jipu huhitaji kwanza kutolewa usaha. Kidonge peke yake hakitoshi.

Vidonda vinavyotokana na upasuaji

Mjadala wa maambukizi hauishii shambani na mgodini. Kadiri vituo vya afya vingi zaidi vinavyoboreshwa na kutoa huduma ya upasuaji wa dharura kwa wajawazito, ndivyo idadi ya akina mama wanaorudi nyumbani wakiwa na jeraha la upasuaji inavyoongezeka. Huduma hiyo inaokoa maisha, na inakuja na wajibu wa kulitunza jeraha. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2016, lilieleza kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi, na kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya jeraha. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta maambukizi kwa wagonjwa 65 kati ya 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, sawa na asilimia 26.

Sehemu kubwa ya maambukizi hayo hujitokeza mgonjwa akiwa amekwisha kuruhusiwa. Kwa hiyo familia inayompokea mama nyumbani inachukua nafasi ya wodi. Jeraha liwe kavu na safi, lisikandwe kwa maji ya moto wala kupakwa dawa za kienyeji, na mikono inawe kabla ya kuligusa. Mama akipata homa, jeraha likifumuka, likitoa usaha au harufu, arudi kituoni bila kusubiri tarehe ya kliniki. Katika dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, mfumo wa usafiri wa m-mama hupatikana kwa kupiga namba 115 bila malipo.

Kipimo cha mafanikio kijijini

Sababu za kuchelewa zinajulikana: umbali, mvua inayoharibu barabara, hofu ya gharama na siku ya kazi inayopotea. Kwa walioumia kwa ajali au kupigwa, ipo pia dhana kwamba bila Fomu Namba 3 ya Polisi, yaani PF3, hakuna tiba. Viongozi wa Serikali wamesisitiza kwa nyakati tofauti kuwa uhai hutangulia na huduma ya dharura haipaswi kusubiri karatasi. Majeruhi apelekwe kutibiwa, na taratibu za Polisi zifuate.

Kuhusu gharama, mantiki ya Bima ya Afya kwa Wote inaonekana vizuri zaidi kwenye jeraha kuliko kwenye ugonjwa mwingine wowote. Kusafisha, kushona na kuchanja siku ya kwanza ni huduma ya zahanati. Kulaza, kukata nyama iliyooza au kuondoa mguu ni huduma ya hospitali kubwa, na hasara yake haiishii kwenye ankara. Kaya inampoteza mzalishaji, watoto wanakosa ada, na mgonjwa anabaki na ulemavu wa kudumu. Asiye na bima husubiri, na kusubiri ndiko kunakogeuza huduma ya kwanza kuwa huduma ya pili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hizi wengi hawafichi kwa aibu, wanaficha kwa kukosa fedha.

Mahali pa kazi nako kuna wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya anaowaajiri, na mgodi, uwe mkubwa au mdogo, ni mahali pa kazi. Kwa mmiliki wa duara, sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji, glavu, sabuni na mkasi, pamoja na ndoo ya maji safi yenye bomba na kifuniko, ni vifaa vya bei ndogo kuliko siku moja ya karasha kusimama. Buti ngumu, glavu za kazi na kofia ngumu vinazuia jeraha lenyewe lisitokee, na hiyo ndiyo kinga iliyo bora kuliko zote.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio kiungo kinachoweza kuunganisha yote haya. Wanaishi kitongojini, wanajua nani amelala ndani kwa siku tatu na nani anachechemea. Mhudumu anayemwona mtu siku ya pili na kumhimiza aende zahanati amefanya kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya siku ya kumi. Mafanikio ya mpango huu katika maeneo ya uchimbaji hayatapimwa kwa idadi ya waliohitimu mafunzo pekee. Yatapimwa pia kwa muda unaopita kati ya kuumia na kufika kituoni, na kwa idadi ya wanaume wazima wanaojua tarehe ya chanjo yao ya mwisho ya pepopunda. Halmashauri, watendaji wa kata na vijiji, na viongozi wa wachimbaji wana nafasi ya kuanza kuuliza maswali hayo mawili katika mikutano yao ya kawaida.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Aoshe jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, alifunike, alitazame kila siku, asitumie dawa bila ushauri wa mtaalamu, na aende kituoni mapema anapoona jeraha linabadilika kwa ubaya. Kwa ushauri wa kiafya, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Mchimbaji au mkulima ambaye hajui lini alichanjwa mara ya mwisho hana haja ya kusubiri aumie. Afike zahanati iliyo karibu naye akiwa mzima na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.